Vichwa Sitini na Tatu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sioni haya kulisema. Haya niliyonayo ni ya jambo jingine.

Nilikuwa mwalimu wa hesabu, baadaye mwalimu wa taaluma, kwa miaka ishirini na sita katika shule ya sekondari ya serikali, shule ya kutwa, pembezoni mwa mji, kule nyumba zinakoishia na tanuri za matofali zinakoanzia. Wanafunzi waliniita Mama Rula. Walidhani silijui jina hilo. Nililijua na lilinipendeza, maana nilitembea na rula ya chuma kwapani kila siku ya Mungu, na sikumbuki kumchapa mtu nayo hata mara moja. Rula ile ilikuwa na kazi nyingine, mbaya kuliko kuchapa.

Mwaka huu, nikiwa nimeshastaafu na kugeuka mkulima wa nyanya nyuma ya nyumba, mkuu wa shule aliniita ofisini kwake. Nilimfundisha mimi mwenyewe. Enzi zake aliitwa Twiga, na hata leo akipita mlangoni huinama kwa mazoea tu, ingawa mlango unamtosha.

"Mwalimu, shule inatimiza miaka arobaini," akasema. "Tunatoa kitabu. Historia, taaluma, picha zote za wahitimu. Nani aandike kama si wewe?"

"Tafuta kijana mwenye macho."

"Macho tutakuazima. Kichwa ndicho hatuna." Akacheka, kisha akakaa vizuri. "Halafu kuna hili. Maktaba mpya tunaipa jina lako. Bodi imeshapitisha, fundi anachonga kibao."

Nitasema kweli: nilifurahi kupita kiasi. Nilimwona akilini binti yangu amesimama chini ya kibao hicho akipigwa picha, na majirani wangu wawili ninaowajua mimi wakinuna. Nikakubali bila hata kuomba siku moja ya kufikiri.

Miaka ya mwanzo iliandikika kama maji. Shule ilianza katika ghala la kiwanda cha matofali, madarasa mawili yakitenganishwa na turubai, mwalimu wa jiografia akisema upande huu na mwalimu wa biolojia upande ule, hata wanafunzi wa kwanza wakatoka wanajua mito na mifupa kwa pamoja. Mkuu wa kwanza tulimwita Bwana Chaki kwa sababu alikata kila chaki vipande vitatu, akatoa kimoja na kutia viwili mfukoni. Niliandika juu ya maabara yetu ya kwanza yenye bomba moja, na jinsi wazazi walivyobeba matofali yenye nyufa ambayo kiwanda kilikuwa kimeyatupa, wakajengea nyumba ya walimu ambayo mpaka leo imesimama, imepinda kidogo lakini imesimama.

Kisha nikafika mwaka wa kumi na mbili. Mwaka huo tulikuwa wa mwisho katika mkoa mzima. Sifuri kumi na tisa. Gazeti lilituandika, wazazi wakaja getini, na mzazi mmoja alinitupia daftari la mwanawe kifuani. Mwaka uliofuata nikafanywa mwalimu wa taaluma, na mwaka huo huo hatukupata sifuri hata moja. Tangu hapo, miaka ishirini na saba, hatujapata tena.

Sentensi hiyo niliiandika mara moja, kalamu haikusita. Ni ya kweli, na hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Ngoja nieleze tulivyofanya. Kila mwaka, kidato cha nne walifanya mtihani wa majaribio miezi kadhaa kabla ya ule wa taifa. Mimi nilipanga wastani wao kwenye daftari kubwa, wa juu mpaka wa chini, kisha nikaweka rula chini ya thelathini na kuvuta mstari mwekundu. Waliokuwa chini ya mstari hatukuwafukuza, la hasha, sisi tulikuwa watu wastaarabu. Tuliwaandikisha kama watahiniwa wa kujitegemea katika ukumbi wa elimu ya watu wazima, ng'ambo ya barabara, penye namba yake ya kituo. Wakifeli, wamefeli kule. Sifuri zao hazikuwa zetu.

Wanafunzi walikuwa na neno lao: kuvushwa. Orodha ilibandikwa mlangoni, majina matupu bila alama, ili wasije wakabishana. Na kwa kuwa mtahiniwa wa kujitegemea hawezi kuvaa nembo ya shule, siku moja kabla ya mtihani waliniletea masweta yao, nami nikafumua nembo kwa wembe, uzi mmoja mmoja, nisiharibu sweta. Niliona huko ni kuwahurumia.

Ukumbi ule haukuwa na maabara. Aliyevushwa alifutiwa fizikia na kemia papo hapo, hata kama ndiyo masomo aliyoyapenda.

Hayo yote sikuyaandika kitabuni. Niliandika: "Uongozi ulibuni mikakati madhubuti ya taaluma." Mtu akitaka kuficha maiti, neno "mikakati" ni shuka pana.

Aliyekuwa akichapa kitabu ni karani wa shule. Wanafunzi humwita Dada Muhuri kwa kuwa muhuri wa shule hukaa kwenye droo yake na ufunguo hukaa shingoni mwake. Ana miaka arobaini na moja, ana watoto watatu, ana vidole vinavyokimbia kuliko mdomo wangu. Kila asubuhi aliniamkia, akanisogezea kiti, akaniuliza habari za nyanya.

Siku hiyo tulikuwa kwenye picha. Kila picha ya kidato cha nne ilihitaji majina chini yake: waliosimama, waliokaa, kutoka kushoto. Mimi nilimpa orodha kutoka kitabu cha matokeo. Alikuwa na picha ya mwaka wa kumi na saba mbele yake, akihesabu kwa ncha ya penseli.

"Mwalimu, hapa pana kasoro. Picha ina vichwa sitini na tatu. Orodha yako ina majina hamsini na tano."

Sisi huwapiga picha mwanzoni mwa mwaka, kabla nyasi za uwanjani hazijakauka, wote wakiwa na nembo zao. Miaka yote hiyo nimefuta majina kwenye karatasi, wala sikuwahi kuwaza kwamba wamebaki ukutani, kwenye fremu, wananitazama.

"Andika 'baadhi ya wahitimu'," nikasema.

"Baadhi, nao wako wote?"

"Basi wengine walihama."

Aliweka penseli juu ya uso wa mvulana wa safu ya nyuma. "Huyu hakuhama. Huyu ni Kobe, anatengeneza pampu pale kituo cha mafuta. Huyu Mapengo. Huyu binti wa fundi viatu, tulikaa dawati moja. Hawa pacha, mmoja alivushwa, mwingine akabaki." Aliendelea mpaka akafika kwa mtu wa saba, kisha penseli ikasogea hadi kwa wa nane, msichana mwembamba aliyesimama karibu na nguzo, kola imepigwa pasi vizuri kuliko ya mtu yeyote pichani. "Na huyu ni mimi."

Nilikuwa najua. Nimejua tangu siku ya kwanza alipoajiriwa, miaka kumi na tano iliyopita, na nikaamua kwamba yeye amesahau. Tulipitisha miaka yote hiyo kwa shikamoo na marahaba.

"Mwalimu," akasema, na sauti yake haikuwa na ukali wowote, "mimi nilipata ngapi?"

"Lini?"

"Kwenye majaribio. Orodha haikuwa na alama. Nimetaka kukuuliza siku nyingi, nikasema mtu mzima hasumbuliwi."

"Mwanangu, ni miaka ishirini na tatu. Nitakumbukaje?"

"Kweli," akasema. "Samahani, mwalimu." Akachukua picha nyingine.

Nilikuwa nakumbuka. Ninaweza kusahau nilipoweka miwani, lakini alama ile sijaisahau hata siku moja, na sababu yake ilikuwa pale pale mezani, kwenye utangulizi ambao mkuu alikuwa ameleta asubuhi kwa mkono wake ili uchapwe.

Nilikuwa nimeusoma. Uliandikwa hivi: "Katika mtihani wa majaribio nilipata wastani wa ishirini na nane. Kwa sheria ya shule nilipaswa kuvushwa. Lakini mwalimu mmoja aliniamini. Alishusha mstari kwa ajili yangu. Leo mimi ni mkuu wa shule hii." Hadithi hiyo huisimulia kila mwaka mbele ya wanafunzi. Kosa ni langu, maana alama hiyo nilimtajia mimi mwenyewe siku ya sherehe ya kupanda cheo kwake, nimeshiba, nimenogewa na sifa. Mstari ulishuka, hilo ni kweli. Nani alisababisha ushuke, hapo nilinyamaza akajaza mwenyewe.

Mwaka ule, mwaka wa kumi na sita, binti yangu alikuwa kidato cha nne. Alipata ishirini na nane. Nilikaa na daftari hilo jikoni kwangu, rula mkononi, nikaona mkono wangu haushuki. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kesho yake nikawaambia walimu wenzangu kwamba mtihani ulikuwa mgumu kupita kiasi na haki ni kuweka mstari kwenye ishirini na nane. Hakuna aliyebisha, Mama Rula anabishiwa na nani? Basi binti yangu akabaki, na pamoja naye wakabaki wawili waliodandia bahati yake. Mmoja wao ni Twiga.

Wote watatu walifaulu. Twiga alipata daraja la pili.

Kwa hiyo nilikuwa na ushahidi. Mtu wa hesabu hawezi kusema hakuona. Watatu chini ya mstari, watatu wamefaulu, maana yake mstari wangu haukupima chochote, na wale niliowavusha miaka mitatu ya kabla, Mungu ndiye ajuaye. Niliyaelewa hayo vizuri kabisa siku matokeo yalipotoka. Na mwaka uliofuata, binti yangu akiwa kidato cha tano, nikachukua rula, nikaweka chini ya thelathini, nikavuta.

Msichana mmoja alikuja ofisini siku ile orodha ilipobandikwa. Alikuwa amebeba daftari la kemia. Alisimama tu, akasema, "Mwalimu, naomba uniangalizie, labda umekosea kujumlisha." Nikamwambia mimi sikosei kujumlisha. Nikamwambia sheria ni msumeno. Akasema asante, akatoka kinyumenyume, kama tulivyowafundisha.

Alipata ishirini na tisa.

Nilirudi nyumbani na jua kali la saa nane, sikunywa hata maji. Daftari la alama lilikuwa kabatini chini ya mashuka. Nilipostaafu niliondoka nalo, nikajiambia ni kumbukumbu. Mtu haweki kumbukumbu chini ya mashuka.

Binti yangu akapiga simu kuniuliza rangi ya gauni nitakalovaa siku ya sherehe. Nikamwambia yote. Akasema, "Mama, mambo ya kale hayo. Yamepita."

"Yamepita kwako."

"Sasa unataka nifanye nini? Nirudishe cheti?"

Hakuwa ameomba kushushiwa mstari, na kumkasirikia nilikokuwa namkasirikia kulikuwa kumtupia mwingine mzigo wangu. Nikamwambia nitavaa gauni la kijani, nikakata simu, nikalia kwa hasira. Niliona aibu mpaka nikashindwa kujitazama kwenye kioo cha kabati kilichokuwa mbele yangu. Miaka yote nimewaita watoto wa watu wavivu, kumbe mvivu ni mimi, niliyeona kazi kumfundisha mtu wa ishirini na tisa na nikaona rahisi kumvusha barabara.

Asubuhi nilibeba daftari kwenye mfuko wa nyanya. Dada Muhuri akaniamkia, akasogeza kiti. Sikukaa. Nikafungua ukurasa wa mwaka wake, nikaliweka juu ya kibodi yake.

"Nilikudanganya jana," nikasema. "Nakumbuka."

Alivuta kidole kutoka juu, jina kwa jina, taratibu kuliko nilivyowahi kumwona akifanya kitu chochote. Akafika kwenye mstari mwekundu. Akauruka. Jina lake lilikuwa la kwanza chini yake, limegusana na wino.

"Ishirini na tisa," akasema.

"Ndiyo."

Nje kengele ya kipindi ikalia, watoto wakapita koridoni na viti vyao.

"Mume wangu nilimwambia kumi na moja," akasema. "Aliniuliza tukiwa wachumba, nikaona nimtajie namba. Nikasema kumi na moja, maana nilidhani ukivushwa lazima uwe mbali. Wanangu nao wanalijua hilo. Wakinishinda hesabu wananitania, mama kumi na moja." Akacheka kidogo, kicheko kikakatika njiani.

Nikasema, "Nisamehe." Neno likatoka dogo, halikutosha hata kujaza chumba kile chenye kabati mbili na meza moja.

Hakusema amenisamehe. Alikuwa anafunua kurasa kurudi nyuma, mwaka wa kumi na sita, kidole kikitafuta mstari, na wakati huo huo mkuu akaingia ameinama.

Alikuwa ameshika karatasi. "Dada, nichapie hii haraka, inabandikwa leo. Wa kuvushwa mwaka huu ni ishirini na wawili. Tumepandisha mstari mpaka thelathini na tano, mwalimu, tunakaza uzi!" Kisha akaliona daftari. "Hee, bado lipo? Nionyeshe changu!"

Hakuna aliyemzuia. Akainama mezani, urefu wake wote, akajikuta pale, ishirini na nane, na mstari mwekundu chini yake. Tabasamu lake lilikuwa limeshaanza. Kisha akasoma jina lililokuwa sambamba na lake, alama ile ile, ubini ule ule wa kibao anachochonga fundi.

"Huyu ni binti yako," akasema.

"Ni yeye."

"Mwalimu." Akanyooka. "Hukuniamini mimi."

"Hata sikukuona, baba. Nilikuwa namtazama mwanangu. Wewe ulipita mlango nilioufungua kwa ajili yake." Nilitaka kuishia hapo, lakini mdomo wangu haujazoea kuacha sentensi nusu. "Na ulipofaulu, nikajua mstari ni uongo. Nikauvuta tena mwaka uliofuata, na kila mwaka mpaka nikastaafu. Usiliweke jina langu ukutani."

Nilidhani atanifokea, na ningeshukuru. Badala yake akaitazama karatasi aliyoishika, jina moja moja, midomo ikicheza. Sijui alikuwa akiwakumbuka watoto wale au akigundua kwamba hawajui.

"Hii usiichape kwanza," akamwambia Dada Muhuri. Akaikunja, akaitia mfukoni, akatoka. Safari hii alisahau kuinama. Kama ataitoa mfukoni kesho au ataichana, sijui, naandika haya kabla ya kesho.

Tukabaki wawili. Dada Muhuri akavuta kibodi yake, akaifungua picha ya sitini na tatu, akaanza kuchapa majina ya wale wanane, kamili, matatu matatu, bila kutazama popote. Alikuwa nayo kichwani miaka ishirini na tatu. La mwisho likawa lake.

"Niweke na alama?" akauliza.

"Weka. Za wote wanane."

Akanakili kutoka daftarini. Vidole vikarudia mwendo wake wa kawaida, nikaanza kupumua. Kisha akafungua picha ya mwaka wa kumi na sita na kusimama, mikono juu ya kibodi, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane akanitazama machoni bila kuinamisha kichwa.

"Na ya binti yako?"

Kengele ililia tena. Nilifikiria gauni la kijani, nikafikiria kibao kwa fundi, herufi zangu zikiwa tayari zimechongwa nusu.

"Weka," nikasema.

Akaandika mbili, akaandika nane. Akachapisha ukurasa, akaugonga mezani ukae sawa, akanipa na kalamu nyekundu.

"Uniangalizie, mwalimu," akasema. "Labda nimekosea."